Misimu ya Jukwaani na Misimu ya Maskati

Kati ya kazi zote zinazohusu mavazi, ipo moja isiyoacha alama yoyote juu ya kitambaa. Fundi cherehani huacha mshono, mtarizi huacha ua, sonara huacha muhuri wa karati. Lakini mtambuzi wa mitindo, yaani mtu anayetazama maonyesho ya msimu na kuamua mapema ni vazi gani au pambo gani litakalovaliwa na wengi, huacha uamuzi tu, na uamuzi wake ukitimia kila mtu hudai kwamba aliuona tangu mwanzo. Huenda ndiyo maana kazi hii haijapata wasifiaji wengi katika Kiswahili, ingawa watu wa pwani wameifanya kwa muda mrefu, na ingawa Maskati, mji ambamo lugha hii husikika madukani na majumbani, ni mahali ambapo ugumu wake na uzuri wake huonekana wazi kuliko Paris.

Ugumu huo huanzia kwenye kalenda. Maonyesho makuu ya mavazi yaliyo tayari kuvaliwa, yaani nguo zinazotengenezwa kwa saizi za jumla badala ya kukatwa kwa kipimo cha mteja mmoja, hufanyika mara mbili kwa mwaka katika miji ya New York, London, Milan na Paris: yale ya Februari na Machi hutangulia nguo za majira ya baridi, na yale ya Septemba na Oktoba hutangulia nguo za kiangazi cha mwaka unaofuata, huku mavazi ya thamani kubwa zaidi, yanayoshonwa kwa mkono kwa mteja mmoja mmoja, yakionyeshwa Paris kila Januari na Julai. Mpangilio huu umejengwa juu ya hali ya hewa ya Ulaya, ambako mtu hubadilisha kabati lake kwa sababu baridi imemlazimisha. Maskati haina baridi ya namna hiyo. Misimu yake ya mavazi ni Ramadhani, Idi mbili na harusi, na Idi hufuata mwezi mwandamo, hivyo kila mwaka hurudi nyuma kwa takriban siku 11 katika kalenda ya miladi. Mwaka 2021 Idi ya Fitri iliangukia katikati ya Mei, na mwaka 2025 iliangukia mwishoni mwa Machi. Anayetazama jukwaa la Septemba akiwa Maskati analazimika, kwa hiyo, kupiga hesabu ambayo mwenzake wa Milan hana haja nayo: je, rangi hii itawahi kufika katika maduka ya vitambaa ya Ruwi kabla mafundi wa Seeb hawajaanza kukataa kazi mpya za sikukuu, au itafika wakati kila mtu ameshashona?

Hesabu hiyo si ngeni kwa watu wa Bahari ya Hindi. Msafiri Henry Morton Stanley, alipokuwa Unguja akijiandaa na safari iliyomtoa Bagamoyo mwaka 1871, ilimbidi aulize wafanyabiashara wa mji juu ya vitambaa na shanga za kuchukua, na katika kitabu alichochapisha mwaka 1872 alieleza kwamba ushanga mweusi uliopokewa kama fedha Ugogo ulikataliwa mahali pengine, na kwamba Unyamwezi watu walitaka ule mwekundu ulioitwa samisami na kuuacha wa rangi nyingine. Msafara uliobeba rangi isiyopendwa ulibeba mzigo usio na thamani kwa mamia ya maili, na aliyejua kumnusuru msafiri na hasara hiyo alikuwa mfanyabiashara aliyekaa barazani Unguja, akipokea habari za bara kwa wapagazi waliorudi na kuzigeuza kuwa oda kwa watengenezaji wa ng'ambo. Msafiri mwingine, Mwingereza Richard Burton, naye katika kitabu chake cha mwaka 1860 aliorodhesha debwani na sahari, vitambaa vilivyofumwa Omani, miongoni mwa bidhaa zilizohesabiwa kuwa za heshima katika misafara. Baadaye ikaja kanga, na nyumba za biashara kama ile ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, iliyoanza mwaka 1887 na ambayo kanga zake zinajulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla, zikaishi kwa kutambua ni pindo gani, mji gani na jina gani wanawake wangelichangamkia mara hii, na ni lipi wangelipita bila kuligusa. Hao walikuwa watambuzi wa mitindo kwa maana kamili ya neno, hata kama walijiita wauza nguo.

Mtambuzi wa leo huanza kwa kutafuta marudio. Shati moja lenye mikono mipana halimwambii kitu, lakini mikono hiyo ikitokea kwa wabunifu wanne katika miji mitatu, anaanza kuandika. Asiyejua undani wa kazi huona katika marudio hayo muujiza wa akili zilizowaza sawa, ilhali sababu yake ni ya kawaida sana: wabunifu hununua vitambaa katika maonyesho yale yale ya nyuzi na nguo, likiwemo la Première Vision lililoanzishwa na wafumaji wa Lyon mwaka 1973, na huko rangi na vitambaa huonyeshwa muda mrefu kabla ya nguo yenyewe kukatwa. Kwa hiyo mtambuzi hodari hutazama kitambaa kwanza na umbo baadaye, kwa kuwa umbo linaweza kuwa la mbunifu mmoja tu, lakini kitambaa kimeshanunuliwa na wengi.

Hata hivyo, kuona marudio ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi, na siku hizi picha za jukwaa hufika kwenye simu kabla mwanamitindo hajarudi nyuma ya pazia. Nusu nyingine ni kujua kitakachokataliwa. Gauni lililo wazi mgongoni litabaki jukwaani hata likishangiliwa vipi, na koti la sufu nzito halina wa kulivaa. Lakini kola ya koti hilo, kifungo chake, au rangi ya bitana yake inaweza kuhamia kwenye abaya bila mtu yeyote kukumbuka ilikotoka. Ustadi uko katika kutenganisha sehemu inayosafiri na sehemu isiyosafiri. Pindo fupi mbele na refu nyuma lilipovuma mwanzoni mwa muongo wa 2010, aliyejua mavazi ya Omani hakuliona geni, kwa sababu wanawake wa Dhofar wana vazi la namna hiyo hiyo liitwalo abu dhail, la mahameli, linaloinuka mbele na kuburuta nyuma. Vivyo hivyo, gauni lililovaliwa juu ya suruali, ambalo majukwaa yamelirudia mara nyingi katika miaka ya karibuni, ni mpangilio wa kale wa mavazi ya wanawake wa Omani, na Unguja suruali hizo zilijulikana kwa marinda yake. Sayyida Salme binti Said, bintiye Sultani wa Zanzibar, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Berlin mwaka 1886, alitenga sura kwa ajili ya mavazi ya wanawake wa huko. Mtambuzi anayejua haya hamwambii mteja wake anunue kitu cha Ulaya. Humwambia afungue sanduku la bibi yake.

Ndiyo maana nyumba ya Dolce & Gabbana ilipotoa mkusanyo wake wa abaya na mitandio Januari 2016, na magazeti ya dunia yakaandika kana kwamba kumegunduliwa vazi jipya, kwa Maskati hiyo ilikuwa habari ya biashara na haikuwa habari ya fasheni. Lasi na maua juu ya abaya vilikuwa tayari mikononi mwa washonaji wa Ghuba, na wabunifu wa Kiomani kama Amal Al Raisi walikuwa wakifanya kazi na urithi wa nyumbani bila kungoja idhini ya Milan.

Vito ni mtihani mgumu zaidi, kwa sababu dhahabu katika nchi hii ni pambo na ni akiba kwa wakati mmoja. Mwanamke anayepokea dhahabu katika mahari yake anajua kwamba siku akiiuza atalipwa uzito na usafi wake, na kwamba gharama ya ufundi, yaani kile alichomlipa sonara kwa kazi ya mkono, haitarudi. Kidani kilichojaa madoido ya msimu ni hasara iliyofichwa, na ndiyo sababu dhahabu ya karati 21, yenye sehemu 875 za dhahabu halisi katika kila 1,000, bado inaheshimiwa kuliko ile ya karati 18 ambayo vito vingi vya Ulaya hutengenezwa kwayo. Bei ya dhahabu ilipovuka dola 3,000 kwa wakia mnamo Machi 2025, swali la mtindo liligeuka kuwa swali la uzito: ni umbo gani linaloweza kuonekana pana likiwa jepesi? Hapo mtambuzi mwenye kumbukumbu hugeukia fedha. Kabla ya dhahabu kutawala baada ya mwaka 1970, vito vingi vya Omani vilikuwa vya fedha, vilivyofuliwa Nizwa na miji mingine kwa kuyeyusha sarafu za Maria Theresa zenye mwaka 1780, ambazo nyingine ziliachwa nzima na kuning'inizwa kwenye vidani kando ya visanduku vya hirizi. Majukwaa yanapoonyesha bangili pana za fedha na mikufu ya sarafu, soko la Matrah lina mifano ya kale iliyokaa miaka mingi ikiuzwa kwa watalii, na wenyeji huipita.

Wanaume nao wasisahauliwe, ijapokuwa uwanja wao ni mwembamba. Umbo la kanzu ya Kiomani, pamoja na kishada chake shingoni, limelindwa hata kwa masharti ya serikali, kwa hiyo mabadiliko yote yamehamia kichwani. Kofia ya kutarizi, ambayo Maskati huitwa kumma na ambayo ina undugu wa wazi na kofia za viua za Unguja na Lamu, hubadilika rangi na ua kutoka Idi hadi Idi, na kijana anayejipenda huilinganisha na kilemba chake kwa uangalifu ambao wahariri wa majarida ya mitindo wangeustahi. Hakuna jukwaa linalomfundisha hilo. Hujifunza kwa kutazama watu wakitoka msikitini asubuhi ya sikukuu.

Anayetaka kuishika kazi hii Maskati, hasa kijana wa familia zilizorudi kutoka Zanzibar na pwani ambaye ana kalenda mbili na nguo za pwani mbili mbele yake, aanzie Bait Al Zubair, nyumba ya makumbusho iliyofunguliwa mwaka 1998 yenye mavazi ya mikoa na vito vya fedha, aziangalie shingo, pindo na vifungo mpaka azijue kwa moyo, na picha za Paris azifungue baada ya hapo.