Nota za Elijah Mezani kwa Fundi

Jalada jekundu limeachia upande mmoja, na mgongo unaning'inia kwenye nyuzi chache. Fundi wa kujalidi vitabu, katika karakana yake kaskazini mwa Uingereza, anakigeuza kitabu taratibu, kisha anakiweka juu ya karatasi safi ili kisipotee hata kipande kimoja. Ni nota za kwaya za Elijah, oratorio ya Felix Mendelssohn. Ukurasa wa mbele hauna mwaka, lakini una jina la Novello, Ewer & Co., na kampuni hiyo ya London ilijiita hivyo kuanzia 1867 hadi 1898. Hilo linamtosha kukisia umri wa kitabu.

Kabla ya kushika chombo chochote, anawasoma waliokimiliki. Juu kabisa kuna jina la mwanamke, limeandikwa kwa wino ambao sasa umekuwa wa kahawia, kwa mwandiko wa kulala. Chini yake kuna muhuri wa chama cha waimbaji wenye namba ya nakala, kisha jina jingine kwa penseli, na pembeni bei ya muuza vitabu vikuukuu. Kurasa za ndani zina mengi zaidi. Juu ya mstari wa sauti ya pili mtu ameandika d, r, m. Waliolelewa katika kwaya zetu za Tanzania na Kenya, ambako sol-fa bado inafundishwa, wangeusoma mstari huo mara moja. Kwingine kuna vialama vya kuvuta pumzi. Na pale manabii wa Baali wanapomwita mungu wao, muziki unanyamaza kumsubiri ajibu. Kimya hicho kimezungushiwa duara zito la penseli. Mwimbaji alijionya asiingie mapema.

Udhaifu wa kitabu hiki una sababu inayonifanya nikiheshimu. Mwaka 1846, mwaka uleule Mendelssohn alipoongoza Elijah kwa mara ya kwanza Birmingham, tarehe 26 Agosti, Novello ilianza kuuza Messiah ya Handel kwa vipande vya kila mwezi, kila kimoja peni sita. Unafuu huo uliwawezesha watu wa kipato kidogo kuwa na nakala zao wenyewe, na vyama vya waimbaji vikanawiri katika miji ya viwanda kama Huddersfield. Lakini bei ndogo ilitaka karatasi rahisi. Karatasi nyingi za mwisho wa karne ile zilitengenezwa kwa rojo ya miti, na asidi iliyomo huzigeuza rangi na kuzifanya zivunjike kwenye mikunjo.

Fundi anaanza na mgongo. Anapaka uji mzito wa wanga wa ngano juu ya gundi ya zamani, anasubiri ilainike, kisha anaiondoa kwa kibanzi cha mti, kidogo kidogo. Akikwangua kwa nguvu, mikunjo itatoka pamoja na gundi. Halafu anafungua katikati ya kila fungu la kurasa, anakata uzi uliochoka na kulitenga fungu hilo. Muda si mrefu meza imejaa Elijah aliyetawanywa kwa utaratibu.

Vumbi linaondolewa kwa brashi laini. Sifongo kavu inapita pambizoni tu, na kila inapokaribia alama ya penseli inasimama. Anadondosha tone dogo la maji kwenye ncha ya herufi moja ya lile jina la wino, analikausha kwa karatasi ya kunyonya, na kuona rangi imehama. Basi ukurasa huo hautaoshwa. Asiyejua kazi angefuta penseli zote na kurudisha kitabu cheupe. Huyu anajua mahali pa kuuzuia mkono wake, na kwangu hapo ndipo ulipo ufundi wake mkubwa.

Mikunjo iliyochanika inatibiwa kwa karatasi ya Kijapani, nyembamba mno lakini yenye nyuzi ndefu. Haikati kwa mkasi. Anachora mstari wa maji kwa brashi, kisha anaivuta ichanike yenyewe, ili kingo zake zibaki na manyoya yatakayoshikana na karatasi kuukuu. Anaipaka uji mwepesi wa wanga, anailaza juu ya mkunjo, anaisugua kwa mfupa bapa na kuiwekea uzito. Mkunjo mmoja, kisha mwingine. Penye nota zilizopasuliwa anaweka karatasi nyembamba zaidi, na nota zinaonekana chini yake.

Siku nyingine ndiyo ya kushona. Uzi wa kitani unapitishwa kwenye nta ya nyuki, sindano inaingia katika matundu yaleyale ya zamani, inazunguka tepe na kutoka. Uzi ukikazwa sana utakata karatasi. Ukilegea kitabu kitayumba. Kila baada ya mafungu machache anakifungua kuona kama kinalala wazi, kwa sababu mwimbaji atakishika kwa mkono mmoja huku macho yakiwa kwa kiongozi. Mgongo unavikwa melimeli, kitambaa kipya chekundu kinapenyezwa chini ya kile cha zamani, na herufi za dhahabu zinarudi mahali pake. Kisha kitabu kinabanwa mpaka kikauke.

Kilipotoka, kilifunguka bila kulalamika, na majina yote yalikuwepo. Mmiliki wa sasa anaimba sauti ya pili, na atakitumia mazoezini.

Nawe mwenye kitabu cha nota kilichochoka, tafadhali usikipige selotepu. Gundi yake huzama kwenye karatasi, ikaacha doa la kahawia lisilotoka kwa urahisi. Kipeleke kwa fundi pamoja na kila kipande kilichodondoka, hata kiwe kidogo kama ukucha.