Mahujaji wa Angani: Kicheko cha Chaucer katika Riwaya ya David Lodge

Msomaji wa haraka wa "Small World" (1984), riwaya ya David Lodge, huweza kudhani kwamba mzaha wake ni mwepesi: hija ya kale ilikuwa ibada, safari ya leo ni anasa. Dhana hiyo haimtendei haki Lodge, wala Geoffrey Chaucer, aliyeanza kutunga "The Canterbury Tales" mnamo mwaka wa 1387 hivi.

Kwa Chaucer, hija yenyewe ni matembezi tayari. Mahujaji wanakutana katika nyumba ya wageni ya Tabard, huko Southwark. Mwenye nyumba anawashauri wasimuliane hadithi njiani, na mshindi atalipiwa chakula na wenzake, katika nyumba hiyo hiyo bila shaka! Mama wa Bath, aliyekwisha kuolewa mara 5, amefika Yerusalemu mara 3, na Roma pia, lakini haonekani kulemewa na toba. Kaburi la Mtakatifu Thomas Becket ndilo kikomo cha safari, ila masimulizi hayalifikii.

Lodge ameitambua siri hiyo. Dibaji yake yalinganisha wazi mikutano ya wataalamu na hija: yote mawili humpa mtu kisingizio chema cha kutembea. Aprili ya Chaucer huleta manyunyu matamu. Aprili ya Lodge inawakuta wahadhiri katika mji wa kubuni wa Rummidge, theluji nje, starehe haba ndani. Baadaye wanarukaruka duniani wakiwania kiti cha uhakiki cha UNESCO, chenye mshahara wa dola 100,000 kwa mwaka bila kodi. Kiti hicho kimeshika mahali pa kikombe kitakatifu cha hadithi za Mfalme Arthur. Mzee Arthur Kingfisher, aliyekaukiwa na fikra, ndiye mfalme mgonjwa. Kijana Persse McGarrigle ndiye mwenye swali la kumponya. Fumbo hili lawafaa zaidi waliosoma visa hivyo, lakini Persse anapowauliza mabingwa huko New York itakuwaje kila mtu akikubaliana nao, hata asiyevisoma atacheka.

Hata hivyo, msafara wa Lodge ni mwembamba. Kwa Chaucer msaga nafaka mlevi anadakia zamu ya mtawa, na mpishi anasafiri pamoja na kabaila. Kwa Lodge karibu wote ni wa kazi moja, na wengi wao nauli hulipwa na wengine. Persse anayetumia fedha za tuzo lake la ushairi ni wa kipekee. Anayekaribia ulimi wa Mama wa Bath ni Cheryl Summerbee, mfanyakazi wa uwanja wa Heathrow, ambaye huwapangia abiria viti kwa hila zake mwenyewe. Persse anatambua mwishoni kwamba ndiye ampendaye, lakini anakuta ameondoka kazini. Kijana anabaki akitazama ubao wa safari za ndege, na Cheryl hajapewa zamu ya kusimulia hata kisa kimoja.