Sauti tamu ya mtu anayesoma simu yako

Wandugu, nimemaliza kusikiliza «You» ya Caroline Kepnes, kitabu cha 2014 kinachosomwa kwa Kiingereza na Santino Fontana. Nilisikiliza nikipalilia mihogo, kisikilizio kwenye sikio moja.

Joe, muuza vitabu wa New York, anapata jina la Beck kwenye kadi ya benki aliyolipia kitabu. Kisha anabaki na simu yake. Beck ananunua ingine, lakini ile ya zamani inabaki hai, maana mama yake njo analipaka. Hakuna ufundi wowote wa wadukuzi hapo! Ni simu moja yenye haikufungwa, na barua pepe zote ziko wazi.

Kwenye karatasi ningemchukia Joe mapema. Lakini sauti ya Fontana inakunong'oneza kama rafiki, na mara mbili nilijikuta nakubaliana naye. Nilizima. Nikakumbuka chuoni, mpenzi wangu aliniomba namba ya siri ya simu, eti wenye kupendana hawafichane kitu. Nilimpa.

Kasoro iko: Beck tunamjua kupitia Joe tu, na katikati panachosha. Lakini sikilizeni. Mimi ile namba niliibadilisha nikiwa bado shambani, jembe chini.