Rubani Hutafutwa, Mpagazi Je?

Sinema za vita vya angani zina mkasa unaopendwa kuliko yote: ndege inadunguliwa, rubani anakwama porini au baharini, na tangu hapo mtazamaji hana kazi ila kuomba apatikane. Hatuna ugomvi na huruma hiyo. Tunauliza tu imegawiwa akina nani.

Tuchukue Shout at the Devil ya mwaka 1976, iliyotokana na riwaya ya Wilbur Smith. Kisa chake kimechotwa kwenye habari za Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyojificha katika delta ya Rufiji mwaka 1914. Mashujaa ni Lee Marvin na Roger Moore. Nchi yetu ni pazia la nyuma. Sehemu kubwa ya picha ilipigwa Afrika Kusini, chini ya makaburu. Mtumishi wao, Mohammed, ni bubu, tena anaigizwa na Mwingereza, Ian Holm! Beberu amejitungia mtumishi anayemfaa: hana ulimi, na hata rangi yake ni ya kupaka.

Rufiji yenyewe haikuhitaji chumvi. Novemba 1914 rubani Cutler alipotea akatua kando ya kisiwa; meli ya Kinfauns Castle ikamsaka hadi ikampata. Desemba akashuka tena, mtoni, akatekwa. Tarehe 11 Julai 1915, siku Königsberg ilipoangamizwa, ndege ya Cull na Arnold ilipigwa. Huku wakishuka waliendelea kupeleka ishara za kuelekeza mizinga, wakatumbukia mtoni, wakaokolewa. Huo ni ushujaa, na kada anayeukana kwa sababu ni wa Waingereza hajafanya uchambuzi.

Lakini Wajerumani waliopoa mizinga 10 ya manowari ile, na iliyoivuta nchi kavu ilikuwa mikono ya Waafrika. Mei 1916 majeshi ya Northey yaliingia kutoka Nyasaland yakaitwaa Neu-Langenburg, ndiyo Tukuyu yetu. Rungwe haikuwa na reli. Unga na risasi vilipanda milima hii juu ya vichwa vya watu, katika matope na baridi tunayoijua sote, na pande zote mbili ziliwakamata watu wa kubeba. Wapagazi waliokufa wakiwatumikia Waingereza katika vita vile vya Afrika Mashariki wanakadiriwa kufikia 100,000. Aliyeanguka njiani kuelekea Njombe hakupelekewa meli. Mzigo wake ulihamishiwa kichwa kingine.

Tusiishie kuwalaumu mabepari wa sinema, maana hao wanauza bidhaa yao. Sisi wakufunzi tumefundisha vita vile kama ugomvi wa mabeberu wawili, tukawasahau waliobeba. Tulipoijadili sinema hii Tukuyu, mwanafunzi mmoja alimtaja Roger Moore mara tatu. Tukamwuliza kama katika ukoo wake yupo aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita. Alinyamaza kidogo, akasema atamwuliza bibi yake huko kijijini. Tunalisubiri jibu hilo.