Ala Haipimwi kwa Wingi wa Sauti Zake

Watu wengi wapimapo ala za muziki huhesabu kwanza sauti zake. Piano, wasema, ndiyo mfalme, kwa kuwa ina vibao 88 vya kubonyeza. Nyatiti ya Wajaluo ni mtwana, kwa kuwa ina nyuzi 8 tu. Hukumu hii ni nyepesi mno, nayo yafaa ichunguzwe.

Kwanza tuipe haki yake. Kibao cha mwisho cha piano upande wa kushoto hutoa sauti nene ya mitetemo 27.5 kwa sekunde. Cha mwisho upande wa kulia hutoa sauti nyembamba ya mitetemo ipatayo 4,186. Kila mitetemo iongezekapo mara mbili, sauti huwa imepanda daraja moja iitwayo oktava, na piano ina madaraja hayo saba na ziada. Nyatiti haina upana huo. Nyuzi zake hupigwa wazi, wala hazibanwi kwa vidole kama za gitaa ili kubadili sauti. Kwa hiyo kila uzi una sauti yake moja, na zote kwa jumla hazizidi 8. Asemaye kuwa nyatiti yaweza kupiga kila kipigwacho kwa piano hasifu, bali adanganya.

Lakini usikilize wimbo wa Ayub Ogada uitwao "Kothbiro", yaani mvua inakuja, uliomo katika albamu yake ya mwaka 1993, En Mana Kuoyo. Nyuzi zarudia fungu fupi la sauti, tena na tena. Asikiaye mara ya kwanza aweza kudhani kuwa marudio hayo ni umaskini. Asikilize tena. Kwa kuwa nyuzi hazirukiruki juu na chini, sikio laacha kungojea ajabu, latulia kwa mwimbaji, na neno moja alivutalo huenea kama wingu. Hapo uchache si upungufu. Ndio uliompa mwimbaji nafasi.

Tena mpigaji wa jadi huvaa pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu, akaigonga kwenye ukingo wa nyatiti, na njuga zikalia mguuni mwake. Kilichopungua katika upana wa sauti chalipwa katika mapigo.

Hata wenye ala pana walilijua jambo hili. Mwaka 1871 Mjerumani August Wilhelmj, mpigaji wa fidla, aliutengeneza upya muziki mmoja wa Bach ili upigwe katika uzi mmoja tu wa fidla, ule mnene kuliko wote. Nyuzi tatu zilizosalia alizinyamazisha kwa hiari yake, na muziki huo ungali wapendwa mpaka leo.

Basi, msomaji, ukiulizwa ala ipi ni bora, usijibu kwa hesabu, maana wingi si hoja. Uliza kwanza mpigaji alikusudia nini, kisha uliza kama sauti alizo nazo zimelitimiza kusudi hilo. Kijana anayeionea haya ala ya babu yake kwa uchache wa nyuzi ameziba masikio kabla wimbo haujaanza.