Kadi ya Visanduku Kumi na Vinane

Kadi ya gofu haisimulii. Ina namba ya shimo, umbali wake, kiwango cha mikwaju kinachotarajiwa, kisha kisanduku kitupu cha kujaza tarakimu moja. Visanduku viko kumi na vinane, na chini yake kuna nafasi mbili za sahihi. Mtu aliyeupiga mpira ukatua katikati ya njia, akaupandisha kwenye grini kwa mkwaju wa pili na kuutumbukiza kwa miwili mingine, huandikiwa 4. Mwenzake aliyegonga mti, akauona mpira unarudi njiani kwa bahati tu, akauparaza ukaserereka hadi hatua moja na shimo na kisha akahangaika kuuingiza, naye huandikiwa 4. Kwenye kadi hawa wawili ni sawa.

Ukimya huo, kwa maoni yangu, ndio chanzo cha utamu wa mchezo huu kwa sisi wa ridhaa, tunaocheza wenyewe Jumamosi asubuhi na Jumapili usiku tukawatazama wanaocheza kwa kulipwa. Shabiki wa soka anaweza kuishi miaka yote bila kusimama mbele ya kipa wa ligi kuu. Mchezaji wa gofu wa mwisho wa wiki hutumia kadi ileile anayotumia mchezaji wa kulipwa Rory McIlroy, kwa mpira wa kipimo kilekile, kwenye shimo la upana uleule wa milimita 108. Tofauti ya uwezo kati yao ni kubwa mno, lakini umbo ni moja, na anayelijua umbo hilo kwa mikono yake huisoma namba ya mwenzake na kuhisi kilicho nyuma yake.

Tuanze na swali la kawaida la uhakiki: nani mwandishi? Kadi yako huiandiki wewe. Huandikwa na unayecheza naye, nawe unaandika ya kwake, na mwishoni kila mmoja anatia sahihi. Mhusika mkuu hana kalamu. Ana haki ya kukagua tu. Umbo hili lilionyesha meno yake tarehe 14 Aprili 1968, siku ya mwisho ya mashindano ya Masters kule Augusta, jimboni Georgia. Roberto De Vicenzo wa Argentina, aliyekuwa akitimiza miaka 45 siku hiyohiyo, alicheza raundi ya mikwaju 65 na kuwa sawa na Mmarekani Bob Goalby. Shimo la 17 alilimaliza kwa mikwaju mitatu mbele ya umati na kamera. Tommy Aaron, aliyekuwa akimwandikia, akaweka 4. De Vicenzo hakuona, akatia sahihi.

Kanuni ilikuwa wazi, na bado ipo: ukitia sahihi namba ndogo kuliko uliyocheza, unaondolewa; ukitia sahihi kubwa zaidi, inabaki hiyohiyo. Raundi ya 65 ikawa 66 na Goalby akavaa koti la kijani la bingwa bila mchujo. Wengi huita jambo lile ukatili wa urasimu. Mimi sikubaliani nao. Mchezo ambao mara nyingi hauna mwamuzi pembeni ya kila mchezaji umeweka mamlaka yake yote kwenye maandishi na sahihi. Ukiruhusu macho ya watazamaji yasahihishe kadi mara moja, umebadili aina ya maandishi yenyewe. (Aaron, kwa taarifa, alikuja kulishinda taji hilohilo mwaka 1973.)

Sasa tutazame umbo letu sisi. Katika klabu za Afrika Mashariki mashindano ya mwisho wa wiki mara nyingi huchezwa kwa pointi, kwa mfumo wa Stableford. Frank Stableford alikuwa daktari Mwingereza aliyeona wenzake wakichana kadi baada ya kuharibu mashimo mawili matatu ya mwanzo. Mwaka 1932 klabu yake ya Wallasey, karibu na Liverpool, ikaendesha shindano kwa hesabu aliyoibuni. Ukicheza shimo kwa kiwango chake, pointi mbili. Mkwaju mmoja juu ya kiwango, pointi moja. Miwili juu, sifuri, na kuanzia hapo hata ukipiga ishirini ni sifuri ileile. Handikapu huongezwa juu yake: mwenye 18 anapewa mkwaju wa ziada kwa kila shimo, hivyo kwenye shimo la kiwango cha nne, tano yake inahesabiwa kama nne.

Matokeo yake yanaonekana kwenye kadi. Mchezaji akishapoteza matumaini ya pointi, kedi anamwambia, "Okota tu, bosi," mpira unarudi mfukoni, na mwandishi anachora mstari mfupi kwenye kisanduku. Mstari huo si namba. Unasema kwamba hapa habari imekatwa kwa makubaliano, tuendelee. Ni umbo lenye huruma, linalosahau, na ndiyo maana mtu mwenye kazi, familia na mgongo unaouma anaweza kulipenda miaka yote.

Wachezaji wa kulipwa, isipokuwa mara chache sana, hawana mstari huo. Kwao kila mkwaju wa siku nne, mashimo 72, unajumlishwa, na mpira lazima uingie shimoni hata kama mchezaji anatamani ardhi immeze. Hakuna pahali panapoonyesha tofauti ya maumbo haya mawili kama kisanduku cha 18 cha Jean van de Velde, Carnoustie, Uskoti, Julai 1999. Mfaransa huyo aliingia shimo la mwisho la The Open akiongoza kwa mikwaju mitatu. Kiwango cha shimo ni nne. Sita ingemtosha kubeba kombe.

Mkwaju wa kwanza ukakimbilia kulia, mbali kabisa na njia. Wa pili, badala ya kuurudisha mpira njiani taratibu, akaulenga mbele; ukagonga chuma cha jukwaa la watazamaji, ukarudi nyuma na kuzama kwenye majani marefu. Wa tatu ukaangukia kijito cha Barry Burn. Akavua viatu na soksi, akashuka majini, akautazama mpira ukizidi kuzama, akaamua kuutoa kwa mkwaju wa adhabu, ambao ndio wa nne. Wa tano ukaingia kwenye shimo la mchanga. Wa sita akautoa. Wa saba akauingiza.

Hiyo 7 ilimpeleka kwenye mashimo ya ziada pamoja na Justin Leonard na Paul Lawrie, na Lawrie, aliyeianza siku akiwa nyuma kwa mikwaju kumi, akashinda. Ukikisoma kisanduku kile kimoja kwa jicho la Stableford, 6 na 7 ni kitu kimoja: sifuri. Daktari wa Wallasey angempa Van de Velde sifuri ileile ambayo angeipata hata kama angekuwa bingwa. Umbo linalokumbuka likampa mkwaju mmoja zaidi ya alioweza kuumudu.

Lakini kuna jambo ambalo namba inalificha na picha zinazorudiwa kila mwaka zinalisahau. Watu hukumbuka suruali iliyokunjwa na miguu majini. Mkwaju wa saba haukumbukwi. Mtu ambaye dakika chache kabla alikuwa bingwa, sasa yuko mbele ya umati mkubwa, mpira umebaki umbali wa kama mita mbili, akikosa ameondoka kabisa, akausukuma ukaingia. Yeyote aliyewahi kutetemekea mpira wa mita mbili kwa ajili ya sufuria ya zawadi ya klabu anajua alichokiona pale. Ule ndio mkwaju mkubwa wa shimo lile, na kwenye kadi umefungwa ndani ya tarakimu inayosomeka kama aibu.

Runinga ilijaribu kuisemesha kadi. Frank Chirkinian, mtayarishaji wa CBS aliyerusha Masters kwa miaka mingi, ndiye aliyeleta desturi ya kuonyesha mchezaji yuko mikwaju mingapi juu au chini ya kiwango, badala ya jumla ya mikwaju yake. Ni uvumbuzi mkubwa kuliko unavyoonekana. Mchezaji aliyeko shimo la sita na aliyeko la kumi na saba wako katika nyakati mbili tofauti. Jumla zao hazilinganishiki. Kwa alama ile wakawekwa kwenye ubao mmoja, na mtazamaji akaweza kufuata visa ishirini kwa pamoja.

Gharama yake ni kwamba kamera sasa inaruka kutoka mkwaju hadi mkwaju. Raundi huchukua zaidi ya saa nne, na katika kila mkwaju uso wa fimbo hugusana na mpira kwa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Vyote vilivyobaki ni kutembea, kupima, kusubiri na kujisemesha. Runinga huonyesha mguso na kukata mwendo. Kwa asiyecheza, inakuwa mfululizo wa mipira inayopaa. Anayecheza hujaza pengo mwenyewe.

Mwaka 2025, saa nane na ushee usiku wa kuamkia Jumatatu kwa saa za kwetu, McIlroy alimaliza Masters kwa raundi ya 73. Someni mashimo yake sita ya mwisho kama yalivyo kwenye kadi: 7, 5, 4, 3, 3, 5. Tarakimu zinashuka kwa utulivu kisha zinaruka juu mwishoni. 7 ni ya shimo la 13, ambapo alichagua njia ya tahadhari, akabakiwa na umbali wa chini ya mita mia, akauzamisha mpira kwenye kijito. Mchezaji wa ridhaa haoni ajabu: umbali ule, ambao fimbo haizungushwi kikamilifu, ndio unaotutesa sote. 4 inayofuata 5 ilitokana na mkwaju uliopinda kuzunguka miti kwenye shimo la 15, labda mzuri kuliko yote ya wiki ile, na angepata 3 kama asingekosa kuusukuma wa mwisho. 3 mbili zilizoongozana hazifanani: ya kwanza ni kiwango cha shimo, ya pili ni mkwaju mmoja chini yake. Na 5 ya mwisho ni mpira mfupi uliokosa kuingia, ukamrudisha sawa na mpinzani wake Justin Rose kwenye alama 11 chini ya kiwango.

Wakarudi kulicheza shimo la 18 upya. McIlroy akapata 3, akawa mtu wa sita katika historia kuyatwaa mataji yote manne makuu. Alikuwa amelisubiri hilo la Augusta tangu 2011, alipoanza siku ya mwisho akiongoza kwa mikwaju minne na kumaliza kwa 80. Kwangu mimi kilichokosekana usiku ule ni mwendo kutoka grini ya 13 hadi mwanzo wa 14. Mtu anatembea vipi baada ya 7 kama ile? Tuliona uso wake kidogo, kisha tukapelekwa kwa mchezaji mwingine.

Dawa ipo karibu. Kenya Open, iliyoanza mwaka 1967, iliyochukuliwa na Seve Ballesteros mwaka 1978, na ambayo mwaka 1998 Mkenya Jacob Okello aliikosa kwenye mchujo dhidi ya Ricardo González wa Argentina, imo kwenye ziara kuu ya Ulaya tangu 2019. Utakapokwenda, usikae kwenye jukwaa la shimo la mwisho ukisubiri vigogo wakufikie. Chagua kundi moja la wachezaji usiowajua, chukua kadi tupu na penseli, ufuatane nao kuanzia shimo la kwanza, uwaandikie wewe.