Daftari za Kale na Upepo wa Juu ya Bweyeye

Juu ya Bweyeye, pembezoni mwa msitu wa Nyungwe nchini Rwanda, kuna upepo usiotikisa hata jani. Huvuma katika stratosfia, kilomita 20 na zaidi kutoka ardhini, ukiizunguka dunia kwenye ukanda wa ikweta. Hutoka mashariki, kisha hugeuka na kutoka magharibi. Mzunguko mzima huchukua wastani wa miezi 28. Vipimo vyake visivyokatika vinaanzia mwaka 1953. Ya kabla ya hapo yamejulikanaje?

Ushahidi wa kwanza uligongana. Volkeno ya Krakatau ilipolipuka mwaka 1883, vumbi lake lilielekea magharibi, yaani upepo ulitoka mashariki, na kuizunguka dunia kwa takriban wiki 2. Mwaka 1908 mtaalamu wa hali ya hewa Arthur Berson wa Ujerumani alirusha maputo Afrika Mashariki, likiwemo eneo la Ziwa Viktoria, akakuta upepo unaotoka magharibi. Kwa miongo kadhaa wataalamu waliamini kwamba ni pepo 2, kila mmoja na tabaka lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Ebdon wa Uingereza na Reed wa Marekani walionyesha kwamba upepo ni mmoja, nao hugeuka. Vipimo vya Berson vilikuwa sahihi. Tafsiri ndiyo iliyopotoka.

Mwaka 2007 Stefan Brönnimann na wenzake walichapisha historia ya upepo huo tangu 1900. Chanzo cha kwanza kilikuwa kumbukumbu za maputo. Zamani puto lilifuatwa kwa darubini ya kupimia pembe; ukijua kasi yake ya kupanda, pembe hizo hukupa upepo wa kila kimo. Lakini maputo yaliyofika stratosfia yalikuwa machache. Ndipo wakageukia kanieneo ya hewa iliyoandikwa kila saa mjini Jakarta. Joto la jua huifanya kanieneo ipande na kushuka mara 2 kwa siku, na ukubwa wa wimbi hilo hubadilika kidogo sana kufuatana na upepo wa juu. Badiliko dogo hivyo halionekani kwa siku moja. Huhitaji miaka ya vipimo vya saa kwa saa.

Mwaka 2016 mzunguko ulivurugika kwa namna ambayo haikuwa imewahi kuonekana tangu 1953. Kupima uzito wa tukio hilo kunahitaji kumbukumbu ndefu zaidi. Kwa hiyo kila kituo chetu cha hali ya hewa kihifadhi namba ghafi pamoja na tarehe, saa na mahali, si wastani pekee. Tafsiri hurekebishika baadaye. Kipimo kilichotupwa hakirudi.